Heshima Mbele ya Mizani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa kamati, makarani na wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Tulipotakiwa kusema maneno machache katika sherehe hii, tuliachiwa tuchague jambo lolote lihusulo ushirika. Wengine watasema juu ya mbegu, na dawa ya wadudu, na bei, nao wanazijua habari hizo kuliko sisi. Sisi tumechagua heshima. Twajua wako watakaoshangaa, maana heshima huhesabiwa kuwa jambo la nyumbani na la ibada, wala si la ghalani. Lakini katika miaka 10 hii tumeona ugomvi mwingi ukizuka baina ya wanachama na makarani, na baina ya kamati na mikutano yao, na aghalabu neno lililotajwa katika ugomvi ule halikuwa fedha. Lilikuwa heshima. "Amenivunjia heshima." "Huyu hana adabu." "Hanijui mimi ni nani." Basi yafaa tulitazame neno hili kwa makini, tujue ni nani amdaiye mwenziwe heshima, na deni lenyewe hulipwa kwa kitu gani.

Tuanze na salamu, kwa kuwa malalamiko mengi huanzia hapo. Wazee husema vijana hawaamkii. Hupita wameinamia simu zao, na wakiamkia hulitupa neno kama mtu atupaye ganda la muwa. Malalamiko haya yana kweli ndani yake wala hatutayadharau. Katika nchi hii ya Usukuma kijana aliyekutana na mkubwa njiani alisimama, akainama kidogo, na msichana akakunja magoti, wakasema "Mwangaluka" ikiwa ni asubuhi. Wala hawakuondoka upesi, mpaka wameulizana habari za nyumbani na za mvua na za mifugo. Kiswahili nacho kilipoenea kikatuletea shikamoo, ambayo wajuzi wa lugha hutuambia kwamba asili yake ni "nashika miguu". Katika miji ya pwani ya zamani lilikuwa neno la mdogo kwa mkubwa, hata la mtumwa kwa bwana wake. Leo halina utumwa ndani yake. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba heshima si utumwa.

Lakini watu husahau nusu ya pili ya salamu hiyo. Aliyeshikwa miguu hujibu marahaba, na marahaba ni neno la kukaribisha. Mdogo amejishusha, na mkubwa amemwinua. Mkubwa apokeaye shikamoo kumi kwa siku na kuitikia kwa kuguna, huku macho yake yako kwingine, amechukua mali ya watu bila kutoa stakabadhi. Tunalitumia neno hilo makusudi, kwa sababu mbele yetu wamekaa makarani, nao wajua stakabadhi ni kitu gani.

Sasa tutoke njiani twende kituoni, siku ya kuuza pamba.

Mkulima ameamka alfajiri. Pamba hii aliipanda kwa mvua za Novemba au Desemba, akaipalilia, akainyunyizia dawa, akaichuma kwa vidole kitumba kwa kitumba, akatenga iliyo safi na iliyo fifi, akaipakia katika mkokoteni au juu ya baiskeli. Kazi ya nusu mwaka, ya mtu na mkewe na watoto wake, itatajwa mbele ya watu kwa hesabu moja tu, nayo itatajwa na kijana wa miaka 22 aliyeketi nyuma ya meza. Kwa dakika ile moja kijana yule ni mkubwa kuliko mkuu yeyote. Akisema 41, ni 41. Akisema 38, na mkulima haoni mizani imesema nini, itakuwa 38, na mkulima ataondoka na neno chungu moyoni ambalo hawezi kulithibitisha.

Mambo haya yana historia katika nchi yetu, na haifai kuadhimisha miaka 10 yetu bila kuikumbuka. Kabla ya ushirika, pamba ya kusini mwa Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, na wakulima walilalamika kwa miaka mingi juu ya mizani zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kupima pamba ili kila mmoja ajue uzito wake kabla haujatajwa na mnunuzi. Katika jitihada hizo vikazaliwa vyama, na kijana mmoja wa Mwanza aitwaye Paul Bomani akawa miongoni mwa walioviongoza. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na kufikia mwaka 1959 pamba ya eneo lile ilikuwa ikipita katika mikono ya ushirika. Kwa wakati ule halikuwapo shirika jingine la wakulima wa Kiafrika lenye ukubwa kama huo katika Tanganyika.

Tukisoma habari hizi twaona kwamba kilichowaudhi wazee wetu kilizidi zile senti walizopunjwa. Mtu aliyeibiwa usiku huhuzunika. Mtu aliyeibiwa mchana, huku akitazamwa usoni na kuambiwa "Haya, pita, mwingine", huhisi kwamba amefanywa mtoto. Mizani ilikuwa mahali pa kuonyeshwa kila mwaka jinsi alivyothaminiwa. Kwa hiyo walipounda vyama hawakutaka bei tu. Walitaka kusimama mbele ya mizani kama watu wazima.

Je, karani wetu wa leo amlipe mwanachama heshima hiyo kwa njia gani? Wengi watajibu kwamba amwamkie vizuri. Ni kweli, amwamkie. Lakini sote tumewajua makarani wenye ulimi wa asali ambao mzee huondoka kwao akicheka, naye amepunguziwa kilo mbili. Adabu ya namna hiyo ni tusi lililovikwa kanzu. Heshima ya karani imo katika mikono yake. Kabla ya kuweka mzigo, huonyesha kwamba mizani imesimama kwenye sifuri. Huigeuza mizani ili mwenye mali aisome, iwe ni ile ya mshale au ni hii ya kidijitali ya siku hizi, nayo iwe na alama ya Wakala wa Vipimo mahali panapoonekana. Huutaja uzito kwa sauti, hata watu wa tatu na wa nne katika mstari wausikie. Huandika alichokitaja. Humpa mtu stakabadhi yake, na ikiwa mtu yule hajui kusoma humsomea polepole, tena bila kumkemea wala kumhurumia kwa maneno, maana huruma ya hadharani nayo huaibisha. Tumeliona hili likifanywa vizuri katika vituo kadhaa, na tumeona pia kwamba karani wa namna hiyo hana haja ya kudai heshima. Hata akiwa na umri wa mjukuu, wazee humwita "Bwana Karani" bila kuombwa. Na akihamishwa, watu huja kuuliza amepelekwa wapi.

Liko swali dogo la mstari ambalo tumeulizwa mara nyingi. Mzee akifika amechoka, au mama mwenye mtoto mgongoni, je, apitishwe mbele? Mila zetu husema ndiyo, nasi twakubaliana nazo. Ila ruhusa hiyo ni mali ya wale waliosimama katika mstari, si mali ya karani. Karani awaulize, nao watakubali. Hatujapata kusikia mstari uliomkatalia bibi kizee. Tumesikia minong'ono mikali pale alipopitishwa shemeji wa mjumbe wa kamati, kijana mwenye nguvu zake, kwa jina la heshima. Minong'ono ile ilikuwa ya haki kabisa.

Baada ya kuwaonya makarani si vema tuwaache wanachama wakichekelea. Mwanachama naye anadaiwa. Wako watu ambao hutia maji katika pamba usiku ili izidi uzito asubuhi, na wengine hutia mchanga, nao husema wamemweza karani. Hawakumweza karani. Pamba ya chama huchanganywa. Mchanga wako huenda kiwandani pamoja na pamba safi ya jirani yako, na sifa ikishuka hushuka ya wote. Yule jirani uliyemwamkia njiani kwa kumkunjia magoti umemtilia mchanga machoni. Muungwana ni kitendo, na kitendo chenyewe hufanyika usiku ndani ya nyumba, mahali ambapo hapana wa kukusifu.

Tumefika sasa katika jambo ambalo hasa lilitufanya tuchague mada hii, nasi tutakaa hapo kidogo.

Mkutano Mkuu umekutana. Mwenyekiti amesoma taarifa. Mweka hazina ametaja mapato na matumizi kwa haraka. Halafu mwanachama mmoja asiye na cheo, pengine kijana, pengine mama aliyefiwa na mume, anainua mkono na kuuliza, "Makato yale ya kila kilo, mwaka huu yamefanya kazi gani?" Ukumbi unanyamaza. Mtu wa kamati anasimama, naye hajibu makato yamefanya kazi gani. Anasema, "Hivi ndivyo mnavyofundishwa kuwaheshimu wakubwa?" Watu wanacheka kidogo. Mwulizaji anaketi. Kwa miaka mitano ijayo hataonekana mkutanoni, wala wale waliomwona akiketi hawatauliza kitu.

Twasema wazi mbele yenu kwamba kuuliza hesabu si utovu wa adabu. Hatujui mahali popote katika mila za nchi hii ambapo mtu aliyewekewa mali ya wenziwe huona haya kuionyesha. Mchungaji apewaye ng'ombe wa watu huwahesabu mbele ya mwenyewe jioni wanaporudi, na mwenyewe akisimama mlangoni mwa zizi mchungaji haoni ametukanwa. Angetukanwa kama mwenye ng'ombe asingekuja kabisa, kana kwamba kazi yake haina thamani ya kutazamwa. Ajabu ni kwamba watu hao hao wanaoijua desturi ya zizini huisahau wakivikwa tai na kuketi katika meza ya mbele.

Tena ushirika wenyewe ulianza kwa heshima ya namna hii. Kule Rochdale, katika Uingereza, mwaka 1844, watu 28, wengi wao mafundi wa viwanda na wafumaji wenye ujira mdogo, walifungua duka katika njia iitwayo Toad Lane. Waliuza unga, siagi, sukari na shayiri. Duka lilikuwa duni hata majirani wakalicheka. Lakini waliamua mambo mawili ambayo wafanyabiashara wengi wa siku zile hawakuyafanya: bidhaa isichanganywe na takataka, na kipimo kiwe kamili. Na katika mkutano wao kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au hisa nyingi. Na wanawake waliweza kuwa wanachama kwa jina lao, wakati ambapo sheria ya nchi ile haikumpa mke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kura moja kwa mtu mmoja ndiyo salamu kubwa kuliko zote ndani ya chama. Humwambia mwenye ekari 2 kwamba mbele ya wenziwe yeye si mdogo kuliko mwenye ekari 60. Basi kumpa mtu kura na kumnyima jibu ni sawa na kumkaribisha nyumbani na kumwacha amesimama mlangoni.

Wala tusidhani kwamba hasara yake ni ya hisia tu. Ushirika wa nchi hii uliwahi kuumwa ugonjwa huu, na dawa yake ilikuwa kali. Vyama vilivyoundwa kwa sababu ya mizani za watu wengine vilianza kulalamikiwa kwa mizani zao wenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, nayo ikataja, pamoja na mengine, kwamba wanachama walikosa elimu ya ushirika, kwamba watumishi waliofunzwa walikuwa wachache, na kwamba siasa iliingilia kazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na mazao yakanunuliwa kupitia vijiji na mamlaka za mazao. Wako wanaosema kwamba hatua ile ilizidi ugonjwa wenyewe, nasi twaelekea kukubaliana nao, maana wakulima waliopoteza vyama vyao hawakuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la COASCO. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Macho yanayokaa kijijini mwaka mzima ni ya mwanachama, na macho hayo hufungwa na neno moja tu, "huna adabu".

Hatusemi kwamba kila swali huulizwa vizuri. Wako waulizao kwa kunyoosha kidole, na wako waulizao jioni wakiwa wamekwisha kunywa. Desturi ya mkutano imetupa njia nzuri: mtu husimama, husema "Bwana Mwenyekiti", hutaja ukurasa wa taarifa au jambo lenyewe, kisha huuliza jambo moja na kuketi kungoja jibu. Kupitia kwa mwenyekiti kuna hekima kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu watu wawili wanaochukiana waweza kusemezana kwa njia hiyo bila kupigana. Na mwenyekiti ambaye hajui jibu aseme kwamba hajui, na ataje siku atakayolileta. Tumepata kumwona mwenyekiti mmoja akifanya hivyo mbele ya watu wengi. Tulidhani atachekwa. Alipigiwa makofi, na uchaguzi ulipofika akarudishwa.

Vivyo hivyo na malipo yaliyochelewa. Siku hizi fedha nyingi hupitia benki au simu, na kuchelewa huweza kutokea bila kosa la chama. Mkulima asiyelipwa hupokewa ofisini kwa kiti na kwa maneno mazuri, "Karibu mzee, vuta subira, kesho tu", na kesho ile hufika mara saba. Afadhali aambiwe mara moja, akiwa amesimama, kwamba fedha haitafika kabla ya wiki tatu, na kwa sababu gani. Ana ada ya mtoto ya kupanga, ana deni dukani. Anayempa tarehe ya kweli amemtendea kama mtu mwenye mipango yake.

Juu ya akina mama tuna neno fupi, nalo si jipya. Katika mashamba mengi ya pamba palizi na uchumaji kwa sehemu kubwa ni kazi yao, lakini katika daftari za vyama vingi jina lililoandikwa ni la mume, na siku ya malipo mama hukaa nyumbani akingoja kuambiwa imekuwa ngapi. Twawaita "mama" kwa heshima kubwa katika kila hotuba. Waandikwe. Mwanamke mwenye shamba ana haki ya kuwa mwanachama kwa jina lake, kuchukua stakabadhi yake, na kupiga kura yake. Waume wenye wasiwasi wakumbuke kwamba nyumba yenye wanachama wawili ina kura mbili.

Vyeo na majina makubwa hatutavisemea sana. Anayependa kuitwa Mheshimiwa aitwe, halina gharama. Twaomba tu kwamba neno hilo lisitumiwe kuwa pazia la kufunikia daftari.

Bwana Mwenyekiti, tumeongea na halmashauri yako kabla ya kuja hapa, nayo imetukubalia mambo ambayo tunaruhusiwa kuyatangaza. Msimu ujao, katika kila kituo cha vyama vyetu, uzito utatajwa kwa sauti kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na mizani itageuzwa upande wa mwuzaji. Mbele ya meza ya karani pawekwe benchi, ili wazee wangoje wameketi na mstari usiwasahau. Na siku 7 kabla ya Mkutano Mkuu wa kila chama cha msingi vitabu vya hesabu vitakuwa mezani ofisini, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na karani atakuwapo kumfungulia na kumsomea mwanachama yeyote atakayefika, awe mkubwa au mdogo, bila kumwuliza ametumwa na nani. Aje na kadi yake ya uanachama.